Cheti cha MCSE na mshahara: uchambuzi wa kisa cha miaka ya 1996 hadi 2001

Vijana wanaomaliza masomo ya kompyuta Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huulizana swali moja hata kabla ya kupata ajira ya kwanza: nikifanya mtihani wa cheti cha Cisco, Microsoft, CompTIA au AWS na nikafaulu, je, mshahara wangu utapanda? Swali hili ni zito, kwa sababu ada ya mtihani mara nyingi hutoka mfukoni mwa kijana mwenyewe au mwa wazazi wake, na hutozwa kwa kiwango cha dola. Anayewahi kulijibu kwa kawaida ni yule anayeuza kozi, na jibu lake hujengwa juu ya wahitimu wake waliofanikiwa. Waliofaulu mtihani wakabaki na mshahara uleule hawamo katika tangazo lake.

Kwa hiyo ni afadhali kuchambua kisa ambacho kimeshafikia tamati, chenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ili tuone cheti kilifanya nini hasa katika soko la ajira. Nimechagua cheti cha MCSE (Microsoft Certified Systems Engineer) cha kampuni ya Microsoft, yaani cha mafundi wa mifumo ya kompyuta, katika enzi ya Windows NT 4.0, mfumo wake wa kuendesha kompyuta za maofisini, yaani kuanzia mwaka 1996 hadi mwaka 2001, na hasa nchini Marekani ambako soko lake lilikuwa kubwa kuliko popote. Katika miaka hiyo mitano cheti kilekile kilisifiwa kuwa tiketi ya kipato kikubwa, kisha kikadharauliwa katika usaili. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha iliyodhaniwa kuwa malipo ya cheti ilikuwa malipo ya kazi iliyokosa watu. Cheti chenyewe kilivuta sehemu yake kwa muda tu, pale kilipokuwa kigumu kupatikana na pale mwajiri alipokihitaji yeye mwenyewe ili apate biashara.

Soko lilivyokuwa

Microsoft ilianzisha mpango wake wa vyeti mwaka 1992. Wakati huo seva nyingi za maofisini, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine kwenye mtandao, zilitumia mfumo wa NetWare wa kampuni ya Novell, na cheti kilichoheshimika kilikuwa CNE cha Novell yenyewe. Mambo yaligeuka baada ya Windows NT 4.0 kutoka mwaka 1996. Kampuni zilianza kuhama kutoka NetWare, matumizi ya intaneti yalipanuka kwa kasi, na hofu ya kompyuta kushindwa kusoma tarehe za mwaka 2000 ilizilazimisha taasisi nyingi kubadilisha mitambo ya zamani ndani ya muda mfupi. Watu waliojua kusimika na kutunza seva za NT hawakutosheleza kazi iliyokuwepo.

Upungufu huo ulionekana hata katika sheria. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipandisha idadi ya viza za H-1B kwa wataalamu wa kigeni kutoka 65,000 hadi 115,000 kwa mwaka, kwa miaka ya fedha 1999 na 2000, na mwaka 2000 likaipandisha tena hadi 195,000. Ni kweli kwamba waajiri ndio walioshinikiza mabadiliko hayo, nao walikuwa na maslahi yao ya kutaka wafanyakazi wengi zaidi. Hata hivyo, mwajiri hatumii fedha na muda kuleta mtu kutoka bara jingine kama fundi wa aina ileile anapatikana mtaa wa pili.

Katika mazingira hayo, kijana aliyeandika MCSE katika wasifu wake aliitwa kwenye usaili. Cheti hicho kilihitaji mitihani sita, minne ya lazima na miwili ya kuchagua. Mmoja wa ile ya lazima ulihusu misingi ya mitandao, mmoja Windows NT kwenye kompyuta ya mfanyakazi, na miwili ilihusu seva. Kila mtihani uligharimu dola 100 nchini Marekani, hivyo aliyefaulu yote kwa jaribio la kwanza alikuwa ametumia dola 600, bila vitabu wala kozi. Kwa Mmarekani aliyekuwa kazini hiyo ilikuwa gharama ya kubebeka. Kwa upande wetu, wastani wa pato la Mtanzania kwa mwaka mzima haukufika kiasi hicho, na jambo hilo lazima likumbukwe na kila anayelinganisha faida ya cheti kule na huku.

Mtihani ulipima nini

Mtahiniwa alifika katika kituo cha mitihani, akaonyesha vitambulisho, akaingizwa kwenye chumba chenye kompyuta, akajibu maswali ya kuchagua. Kuanzia mwaka 1998 baadhi ya mitihani ilitumia mtindo wa kupima hatua kwa hatua: ukijibu swali sawasawa, linalofuata linakuwa gumu zaidi; ukikosea, linakuwa jepesi, na baada ya maswali yasiyozidi 25 kompyuta inaamua kama umefaulu. Haikuwezekana kurudi nyuma kusahihisha. Mtindo huo ulipunguza idadi ya maswali ambayo mtahiniwa mmoja aliyaona, lakini haukubadilisha aina ya maarifa yaliyopimwa, kwani bado alitakiwa kuchagua jibu moja miongoni mwa machache yaliyoandikwa tayari.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mtandao wa NT 4.0 ulikuwa na seva moja kuu iliyotunza orodha ya watumiaji na nywila zao, pamoja na seva za akiba zilizohifadhi nakala ya orodha hiyo. Seva kuu ikifa, wafanyakazi waliweza kuendelea kuingia kwa kutumia seva ya akiba, lakini hakuna aliyeweza kuongeza mtumiaji mpya wala kubadilisha nywila mpaka fundi aipandishe daraja seva mojawapo ya akiba iwe kuu. Hatua hiyo ilikuwa kwenye kitabu, na ilikuwa kwenye mtihani. Ugumu ulianza baadaye, pale seva ya zamani ilipotengenezwa na kuwashwa tena. Ilijitambua bado kuwa kuu, ikakuta nyingine tayari imeshika nafasi hiyo, na huduma yake ya kuwathibitisha watumiaji ikagoma kuanza. Aliyewahi kukutana na hali hiyo alijua kwamba inabidi kuishusha kwanza iwe seva ya akiba. Aliyekariri alijua jina la hatua ya kwanza, kisha akakaa mbele ya skrini asijue kwa nini tatizo alilolimaliza jana limerudi kwa sura nyingine, huku meneja wake akisubiri nyuma ya kiti.

Mwajiri aliyekuwa akilipa vizuri alimtafuta mtu wa namna ya kwanza. Cheti kilitumika kumtambulisha mtu huyo, na kwa muda fulani kilifanya hivyo kwa usahihi wa kuridhisha, kwa sababu mnamo mwaka 1996 na 1997 wengi waliokaa mtihani walikuwa tayari wanazitunza seva hizo kazini.

Ishara ilivyopoteza nguvu

Mwanauchumi Michael Spence, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz, alieleza katika utafiti wake wa mwaka 1973 sharti ambalo wauza kozi hawalitaji. Alisema kwamba sifa ya kielimu inaweza kumtenganisha mwenye uwezo na asiye nao machoni pa mwajiri, lakini sharti kuipata kuwe na gharama kubwa zaidi kwa asiye na uwezo. Gharama hapa ni pamoja na muda, juhudi na uwezekano wa kufeli. Gharama hizo zikilingana kwa wote, mwajiri hana tena sababu ya kumlipa mwenye sifa zaidi ya asiye nayo, hata kama sifa yenyewe bado inaonekana ya kifahari.

Hicho ndicho kilichotokea. Kozi za wiki mbili zilizoahidi kumtoa mtu akiwa MCSE zilienea, nyingi kwa maelfu ya dola, na wateja wao walikuwa pamoja na watu ambao hawajawahi kuitunza seva hata moja. Sambamba nazo, maswali halisi ya mitihani pamoja na majibu yake yaliuzwa kwenye intaneti. Mwaka 2002 mkazi mmoja wa jimbo la Washington alikiri katika mahakama ya shirikisho kosa la kuiba siri za biashara kwa kuuza maswali na majibu ya mitihani ya Microsoft, akakubali pia kusalimisha gari lake aina ya Ferrari lililonunuliwa kwa mapato hayo. Gari la namna hiyo linatosha kutuonyesha ukubwa wa idadi ya wanunuzi.

Waajiri nao waliona. Wenye vyeti walifikia laki kadhaa, na miongoni mwao walikuwamo wale walioitwa MCSE wa karatasi: waliofaulu mitihani yote sita lakini wakashindwa kazi ya siku ya kwanza. Madhara yake hayakuwapata wao peke yao. Mwajiri asiyeweza kumtofautisha fundi wa kweli na aliyekariri huwapa wote bei ya katikati, hivyo aliyejifunza kwa jasho alikatwa fedha kwa ajili ya makosa ya wengine. Hili ndilo linalonisikitisha zaidi katika kisa hiki, maana aliyedanganya hakumwibia Microsoft tu, bali pia mwenzake aliyeketi meza ya pembeni katika chumba kilekile cha mtihani.

Linganisha na cheti cha CCIE cha Cisco, kilichoanza mwaka 1993. Baada ya mtihani wa maandishi, mtahiniwa wa CCIE aliingia maabara yenye vifaa halisi vya mtandao, akajenga mtandao mbele ya msimamizi. Hadi mwaka 2001 maabara hiyo ilichukua siku mbili. Hakukuwa na majibu ya kuchagua. Aliyekuwa hajashika vifaa hivyo kwa muda mrefu alifeli, na kufeli kulimgharimu nauli, ada na miezi ya maandalizi. Sharti la Spence lilitimia, na CCIE haikupata dharau iliyoipata MCSE katika kipindi hichohicho.

Mwaka ambao kila kitu kilikutana

Tarehe 10 Machi 2000 kipimo cha hisa cha Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, kilifika kilele chake, kisha kikaanza kuporomoka hadi kupoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake ilipofika Oktoba 2002. Kampuni za intaneti zilifungwa, hofu ya mwaka 2000 ilikuwa imepita, na bajeti za TEHAMA zilikatwa. Upungufu wa mafundi uliokuwa umebeba mishahara uliondoka.

Mwezi mmoja kabla ya kilele hicho, Februari 2000, Microsoft ilikuwa imetoa Windows 2000. Ile habari ya seva kuu moja na seva za akiba ilikwisha, kwa kuwa sasa orodha ya watumiaji ilitunzwa na seva kadhaa zenye mamlaka sawa ya kuibadilisha. Ujuzi wa kupandisha na kushusha seva, ambao fundi aliupata kwa kukesha, ulikuwa njiani kuelekea makumbusho. Cheti kipya kilihitaji mitihani saba, na Microsoft ikatangaza kwamba cheti cha NT 4.0 kingekoma tarehe 31 Desemba 2001.

Wenye cheti cha zamani walipewa njia ya mkato: mtihani mmoja wa saa nne, bila malipo, uliokusanya mada za mitihani minne ya msingi ya Windows 2000. Mtu aliruhusiwa kuukaa mara moja tu. Akifeli, alirudi kulipia mitihani hiyo mmoja mmoja. Huku nyuma, kampuni nyingi bado zilikuwa na seva za NT 4.0 na hazikuwa na haraka ya kuhama, hivyo fundi alidaiwa cheti cha mfumo ambao mwajiri wake hajaununua, ili kulinda sifa ya mfumo ambao mwajiri wake bado anautumia. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Oktoba 2001 Microsoft ilibadili uamuzi: cheti cha NT 4.0 kingebaki hai, ila kingetajwa pamoja na jina la mfumo wake.

Tukitaka kujua kama cheti ndicho kilichokuwa kikilipa, kipindi hiki kinatupa ushahidi mzuri kuliko wowote. Karatasi ilikuwa ileile, mmiliki yuleyule, na kwa uamuzi wa Oktoba 2001 hata uhalali wake ulibaki. Kilichobadilika ni mahitaji ya kazi na idadi ya watu waliokuwa na karatasi hiyo, na thamani yake sokoni ilishuka pamoja na mambo hayo mawili.

Tahadhari kuhusu tafiti za mishahara

Katika miaka hiyo jarida lililoandikiwa wenye vyeti vya Microsoft lilichapisha kila mwaka utafiti wa mishahara ya wasomaji wake, na tafiti za namna hiyo zinaendelea hadi leo kwa vyeti vingine. Mara nyingi huonyesha kwamba wenye vyeti hulipwa zaidi. Sina sababu ya kutilia shaka hesabu zenyewe, bali maana inayotolewa humo. Anayejibu dodoso kwa kawaida ni mtu ambaye tayari yuko kazini katika fani, na aliyefaulu mtihani mgumu mara nyingi ndiye mwenye miaka mingi ya uzoefu. Isitoshe, waajiri wengi huwalipia mitihani wafanyakazi ambao tayari wamekusudia kuwapandisha cheo. Katika hali hiyo nyongeza na cheti huja pamoja, wala si kwamba cheti kimeizaa nyongeza. Utafiti unaostahili kuaminiwa ungewalinganisha watu wenye uzoefu sawa, kazi sawa na mwajiri wa aina moja, tofauti yao ikiwa cheti peke yake.

Nani alikihitaji, na nani anakihitaji kwetu

Ipo sehemu moja ambamo MCSE iliendelea kuwa na thamani hata baada ya dharau kuanza. Microsoft iliweka sharti kwamba kampuni inayotaka kutambuliwa kuwa mshirika wake rasmi lazima iajiri watu wenye vyeti vyake. Cisco ilikuwa na sharti kama hilo, na washirika wake wa daraja la juu walitakiwa kuwa na wenye CCIE. Kwa kampuni hizo cheti hakikuwa dalili ya uwezo tu. Bila jina la mwenye cheti katika orodha ya wafanyakazi, daraja la ushirika lingepotea pamoja na punguzo la bei na wateja waliofuata jina hilo. Mwenye cheti katika kampuni ya namna hii alikuwa na la kusema mezani, hata kama fundi mwenzake asiye na cheti alimzidi ujuzi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi Afrika Mashariki. Katika utumishi wa umma Tanzania, ngazi ya mshahara ya kuanzia hufuata shahada, stashahada au astashahada iliyotajwa katika muundo wa utumishi wa kada husika. Afisa TEHAMA anayeongeza CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, anaweza kupata sifa ya ziada katika usaili na anaweza kuifanya kazi yake vizuri zaidi, lakini ngazi yake haisogei kwa sababu ya cheti hicho. Anayetaka kupanda kwa njia ya elimu katika mfumo huo atafikiria shahada ya uzamili kabla ya kufikiria mtihani wa dola 300 unaokwisha muda wake baada ya miaka mitatu.

Hali ni nyingine kabisa katika kampuni zinazosimika mitandao na kushindania zabuni za benki, mashirika na taasisi za serikali. Nyaraka za zabuni mara nyingi hudai wasifu wa wataalamu pamoja na nakala za vyeti vyao, na zabuni isiyo navyo huweza kuondolewa katika hatua ya awali kabla bei haijasomwa. Hapo cheti cha mfanyakazi kinageuka kuwa sehemu ya mtaji wa kampuni. Nimeona mara nyingi vijana wakikosa kulitambua hilo. Wanatoa nakala za vyeti vyao vizuri, majina yao yanaingia katika zabuni tatu au nne, kisha wanasubiri mwisho wa mwaka kuomba nyongeza, wakati uwezo wao wa kujadiliana umeshapita.

Linabaki suala la nani alipe ada. Mwanauchumi Gary Becker, katika kazi yake ya mwaka 1964, alieleza kwamba mwajiri hana hamu ya kugharamia ujuzi ambao mfanyakazi anaweza kuondoka nao na kwenda kuutumia kwingine, na cheti cha kimataifa ni ujuzi wa aina hiyo hasa. Ndiyo maana kampuni zinazolipia mitihani humtaka mfanyakazi asaini mkataba wa kubaki kwa muda fulani au kurudisha gharama akiondoka. Mkataba huo si lazima uwe mbaya. Kwa kweli unamwambia mfanyakazi jambo ambalo tangazo la kozi haliwezi kumwambia, yaani kwamba mwajiri huyu anakihitaji cheti kiasi cha kukilipia. Kabla ya kusaini, mfanyakazi na adai iandikwe kwamba mshahara mpya utaanza mwezi gani baada ya kufaulu, na kwamba kiasi cha kurudisha kitapungua kadiri miezi inavyopita. Na kama jina lake linatakiwa katika zabuni inayofungwa wiki ijayo, wakati wa kuzungumza mshahara ni wiki hii.